Watu Wawili Wanatosha

Kijiwe chetu kiko Kilosa mjini, ukutani pa ghala lililofungwa, hatua chache kutoka stesheni. Benchi ni moja, na mguu wake wa kulia nimeupiga misumari mimi mwenyewe, maana wenzangu wanajua kukaa tu. Mimi ni fundi viatu. Muuza kahawa ni Oswald, tunamwita Redio, kwa sababu habari haimpiti bila kutiwa chumvi. Tomasi ni Profesa. Alifagia madarasa ya chuo fulani Morogoro miaka sita, akarudi na maneno makubwa. Wa nne ni Samson, yaani Trekta, anayelisha mashine ya kukamua mkonge kule shambani. Ilikuwa Jumamosi ya mwaka tisini na nne, mashamba ya umma yanauzwa kwa wenye fedha, na kila mwenye kazi alilala na hofu. Na mimi pia. Mkonge ukifa, nani ataniletea kiatu?

Asubuhi ile Profesa alikuwa amesoma tangazo kwenye mlango wa ofisi ya shamba: Jumatatu yatasomwa majina ya watakaopunguzwa.

— Nilisema mimi, akaanza Redio huku anamimina. Yule dada wa utafiti aliyepita na makaratasi wiki mbili nyuma, hakuja kutusalimia.

— Utafiti wa mahitaji ya nguvukazi, akasema Profesa. Wanapima mwajiri anahitaji watu wangapi, na mshahara ukipanda wabaki wangapi. Uchumi huo, bwana.

— Uchumi gani unamuuliza mtu ana watoto wangapi?

— Takwimu.

— Takwimu wapi! Wanahesabu watakaolia.

Nikawaambia waache kutisha watu. Hawakuacha, lini wamewahi kunisikiliza?

— Kuna mashine inakuja, Redio akashusha sauti. Moja tu. Inakata mkonge, inakamua, inaanika, inafunga nyuzi robota robota. Haina mke, haina malaria, haiombi ruhusa ya kwenda kuzika.

— Umeiona?

— Iko bandarini, imefunikwa turubai. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Sasa hiyo inahusiana na nini? nikamuuliza.

— Mgeni ni mashine. Sisi wenyeji tutapona kazi kabisa.

— Mimi naona mbali zaidi, akasema Profesa. Wataung'oa mkonge wote. Shamba likilala, treni itasimama Kilosa kubeba nini? Itapita tu, inapiga honi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Profesa, hicho chako kinamwagika, hakijai! akasema Redio.

— Kinajaa, ndugu yangu. Kinajaa watu wasio na kazi.

Hapo hakucheka mtu. Nilimtazama Trekta. Siku nyingine angekuwa ameshatuonyesha misuli na kutukana mashine ya Redio. Leo kikombe kilikuwa mkononi mwake, kimejaa, kimepoa.

— Trekta, wewe una hofu gani na mabega hayo? nikamchokoza.

— Nimeharibu, fundi.

— Umeharibu nini?

— Yule dada aliniuliza mashine yetu inalishwa na watu wangapi. Nikamwambia watatu. Akauliza, mkipungua kazi itakwenda? Sasa na mdomo wangu huu... Nikamwambia, dada, mimi nikishika, watu wawili wanatosha.

— Akaandika?

— Akaandika. Na nyapara alikuwa nyuma yangu.

— Lakini jina lako hawalitoi, akasema Profesa. Utafiti una siri zake.

— Nyapara hahitaji karatasi, Profesa. Ana masikio.

— Acha woga, nikamwambia. Kila mtu anajua unapiga fiksi.

— Ingekuwa fiksi ningelala, fundi. Ni kweli.

Ndipo akatueleza. Mwaka jana mashine ilimla mwenzake Lukasi vidole viwili. Tangu siku ile Trekta analisha fungu lake na la Lukasi. Lukasi anasimama pale pale, anagusagusa majani, jioni anahesabiwa mfanyakazi kama wengine. Nyapara hakujua; sasa atatafuta ni nani asiyehitajika. Mwaka mzima jitu hili limebeba kazi ya wawili bila kumwambia mtu, halafu likaja kujisifu kwa dakika moja mbele ya mgeni mwenye kalamu! Nilitaka kumtukana, nikashindwa.

— Na Lukasi mwenyewe anajua habari ya tangazo? nikamuuliza.

— Yuko Magole msibani tangu Jumatano. Anarudi kesho.

 Hapo hapo tukamwona Regina, mke wa Lukasi, anavuka reli na kikapu chake, anatujia moja kwa moja.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Shemeji Samson, afadhali nimekukuta. Na wewe fundi, ndiwe niliyekufuata.

Akatoa glavu kikapuni. Alikuwa ameishona mwenyewe kwa suruali kuukuu ya jinzi, mshono wa mkono, safi kabisa. Ilikuwa na vidole vitatu.

— Niwekee ngozi hapa kiganjani, maji ya mkonge yanamwasha sana. Ila namshukuru Mungu, kazi inamwendea vizuri siku hizi. Anasema mkono umeshazoea, hata nyapara hamsemi.

Trekta akainamisha kichwa.

— Shemeji, Jumatatu mnaingia zamu ya asubuhi au ya mchana? Nimwambie fundi aimalize lini.

Profesa alitazama viatu vyake. Redio akainamisha birika juu ya kikombe changu, yakatoka mashapo tu. Mimi glavu niliishika, nikajifanya nakagua mshono.

— Asubuhi au mchana? akauliza tena Regina, anatabasamu, anatutazama mmoja mmoja.