Dastan Bujiku Masele, Opereta wa Greda, na Watoto Wake Watano

Ndugu waombolezaji, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, Lukresia alikuwa uani hapa Dutwa akikata viazi vya michembe, vile vya kuanika juani, beseni moja limejaa na la pili limefika nusu, simu ikaita, akaipokea kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu, na fomani wa kiwanja cha ndege akamwambia mume wake ameanguka kando ya greda na yuko njiani kupelekwa hospitali ya mkoa. Aliwaachia majirani viazi, akapanda pikipiki kwenda Bariadi na kisu bado kikiwa mkononi, akakigundua walipokuwa wameshafika lami.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika kata ya Lalago, wilaya ya Maswa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Bujiku Masele na mama Sayi. Alisoma shule ya msingi hukohuko Lalago kuanzia mwaka 1988 hadi 1994, na walimu wake walimkumbuka kama mtoto aliyeandika vizuri ila hakukaa kwenye dawati, kila gari lililopita barabarani lilimtoa darasani. Mwaka 1997 alikwenda Mwanza kujifunza udereva wa mitambo, akaanza na boza la maji, na mwaka 2001 akakabidhiwa greda, mtambo ambao hakuuacha tena.

Tarehe 20 Agosti 2005 alifunga ndoa na Lukresia kanisani Nyalikungu, na wiki iliyofuata akaondoka kwenda kambini. Kwa miaka mingi maisha yao yalikuwa hivyo, kazi ya barabara au ya kiwanja ikiisha huku inaanza kule, akirudi nyumbani hufungua begi nusu tu, usiku wa mvua huamka na kusimama mlangoni akiwazia kifusi alichokiacha wazi. Lukresia alilima pamba, alijenga nyumba hii mwaka 2010, na alizoea kuwaambia wanawe, "Baba yenu yupo, ila hajatulia."

Mwaka 2023, kazi ya kupanua kiwanja cha ndege cha mkoa wetu ilipoanza, aliomba nafasi na akaipata, na kwa mara ya kwanza akawa anakwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Kazi yenyewe ilikuwa kurefusha njia ya kurukia ndege, kuchimba mitaro, na kuondoa udongo mweusi wa mbuga ambao huvimba masika na kupasuka kiangazi, kisha kumwaga changarawe ya moramu, kusawazisha na kushindilia, tabaka juu ya tabaka, ndipo lami ije.

Ncha mpya ya kiwanja ilikata njia ambayo ng'ombe wa baba yake mdogo, mzee Maduhu, waliipita kwenda lamboni. Mzee hakukubali. Asubuhi moja aliwaswaga ng'ombe wote juu ya moramu iliyomwagiwa maji muda si mrefu, zikabaki alama za kwato kila mahali, naye akasimama mbele ya greda.

"Shuka huko juu! Umefundishwa mtambo uje uwafungie njia ng'ombe wa baba yako?"

"Baba, ndege haijui kumpisha ndama."

"Basi na ijifunze!"

Dastan alishuka, akawaongoza ng'ombe hadi majini yeye mwenyewe, akarudi kusawazisha upya, na baadaye akawafuata wakubwa wa kazi mpaka njia nyingine ikatengwa nje ya uzio. Ni ndefu zaidi, na mzee Maduhu hakukanyaga tena nyumbani kwa Dastan hadi msiba huu.

Januari 2024 Dastan alirudi kutoka Katavi, alikowahi kufanya kazi, akiwa na binti, akasimama naye mlangoni, akasema, "Mama Janu, huyu ni Milembe, mwanangu. Nilimpata kambini mwaka 2011. Mama yake alishafariki, na sasa bibi yake pia." Lukresia alimjibu, "Miaka yote umetafuta maneno, leo unaniletea mtu mwenye njaa. Mwingize." Binti alikula, akapewa kitanda pamoja na binti yao Joyness, na Lukresia hakumsemesha mume wake hadi Kwaresima ilipoisha. Marehemu alikusudia kupeleka ng'ombe kwa wajomba wa Milembe ili amkomboe kwa desturi na awe wa ukoo huu, lakini kila mwezi alisema amalize tabaka moja kwanza.

Aliugua shinikizo la damu tangu mwaka jana, dawa alizimeza alipozikumbuka. Baada ya kuanguka hakuweza kusema, na alifariki kwa kiharusi Alhamisi tarehe 11 Septemba, mke wake akiwa pembeni, kiwanja bado hakijaisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliomaliza viazi na kuchota maji, na wafanyakazi wenzake wa kiwanjani walioleta turubai na kuchimba kaburi kwa mikono yao.

Jana ukoo ulikaa kupanga historia hii. Mzee Maduhu alisema, "Binti wa Katavi hakukombolewa. Andikeni watoto wanne." Milembe alikuwa jikoni na alisikia. Lukresia, aliyekuwa ameshika kalamu, alisema, "Baba, ng'ombe wataenda Katavi, nitawatoa katika wale wangu niliowanunua kwa pamba. Ila jina lake lisomwe kesho, la sivyo mtafute mwingine wa kuandika."

Mzee Maduhu alisugua magoti, akasema, "Mjane atoe ng'ombe wake kukomboa damu ya Masele, mimi nipite wapi hapa Dutwa? Watu watanicheka mpaka lamboni. Chukueni wangu." Shangazi mmoja akamwuliza, "Na watapita njia ile ndefu?" Akajibu, "Hiyohiyo, ntafanyaje!" na msibani watu wakacheka.

Kwa hiyo marehemu ameacha mjane, mama yake mzazi, na watoto watano, ambao ni Januarius, Joyness, Milembe, Kija na Marcelo.

Jioni hiyo ya jana ugali ulipakuliwa, pamoja na mlenda na maziwa ya mgando. Lukresia alianza kuwahesabu watoto kabla ya kunawa, kama anavyofanya siku zote, lakini mzee Maduhu alimtangulia, akaita kuelekea jikoni, "Binti yetu, acha vyombo hivyo, njoo." Milembe akaja, Joyness na Kija wakasogea, akakaa katikati yao. Mzee aliwapitia kwa kidole mmoja mmoja, akasema, "Wametimia. Kuleni."

Dastan, pumzika sasa kwa amani, wote wapo ndani.