Historia ya Marehemu Rahimu Jumbe na Difu ya Thelathini na Tisa kwa Nane

Assalaam aleikum, mashekhe wetu, wazee wangu shikamooni, na ninyi nyote mliotoka Tanga, Pangani na vijiji vya jirani mkaacha shughuli zenu na kukanyaga tope hili hadi hapa Mwera, mimi naitwa Tahiri Jumbe, kaka wa marehemu, baba mmoja, mama mmoja, na familia imenitaka niwasomee maisha yake kabla hatujamswalia, nami niliwaambia tangu jana kwamba nitayasoma kama nilivyoyaona kwa macho yangu, asiyeridhika angesoma mwenyewe.

Marehemu Rahimu Jumbe alizaliwa hapa hapa Mwera tarehe 14 Aprili 1974, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Jumbe na marehemu Bi Chiku, wa kwanza nikiwa mimi, ingawa tangu siku aliyozaliwa yeye hakuna aliyekumbuka tena kwamba kuna wa kwanza. Alikuwa mtoto mcheshi, mwenye maneno, na mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na namna yake ya kuamua ugomvi wa watoto, aliyewahi kufika jikoni na kusema ndiye mwenye haki, na anayefika nyuma anaambiwa nyamaza, nimekwisha sikia. Rahimu alikuwa na mbio. Mimi nilikuwa na haki, lakini mbio sikuwa nazo, na kesi zote nilishindwa.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, akiwa nyuma yangu kwa madarasa mawili, na walimu walikuwa wakiniuliza mbona sifanani na mdogo wangu, swali ambalo hadi leo sijalielewa, maana aliyetangulia ndiye wa kufananishwa naye.

Mwezi Januari 1990 nilimchukua mimi mwenyewe hadi Tanga mjini, kwenye gereji niliyokuwa nikifanya kazi Ngamiani, na kama yupo hapa anayebisha na anyanyue mkono, mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana, kufungua gurudumu na kusikiliza injini. Mwaka 1998 tukafungua gereji yetu wenyewe, ya ndugu wawili, na haukupita muda mrefu, Ngamiani nzima hadi Makorora, yeye akawa anaitwa Fundi, na mimi, niliyemfundisha, nikawa naitwa Kaka wa Fundi. Mteja anaingia, ananikuta nimesimama mlangoni na mafuta hadi kwenye viwiko, ananiuliza, shikamoo Kaka wa Fundi, Fundi yupo? Nami najibu marahaba, yupo, huku roho inaniuma kwelikweli.

Tarehe 6 Septemba 2003 marehemu alifunga ndoa na Bibi Nasra wa Makorora, binti ambaye mimi ndiye niliyemwona kwanza, shemeji nisamehe, lakini kuona si kuposa, na nilipokuwa bado natafuta maneno mwenzangu alikwisha peleka wazee. Katika ndoa hiyo Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, Sabra aliyezaliwa mwaka 2005 na Shekhe aliyezaliwa mwaka 2009, wote wana adabu, na wote, nikipita, wananiamkia vizuri kisha wanauliza kama nimemwona baba yao.

Sasa nisimulie jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu nusu. Mwezi Machi 2019 ndugu yetu Shabbar, mtoto wa Mzee Rehmatulla mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, ambaye yuko nasi hapa, alileta pikapu yake ya Landkruza aliyoifunga matairi makubwa ili afike kwenye shamba lake la minazi huku Mwera wakati wa masika, na tangu aifunge hayo matairi gari lilikuwa zito kuondoka, kama mtoto aliyevaa viatu vya kaka yake. Tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo injini inalemewa, na dawa yake iko kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ambamo gia ndogo inaizungusha gia kubwa, ukibadili hesabu ya meno yake unairudishia injini nguvu. Gari lile lilikuja na meno arobaini na moja ya gia kubwa kwa kumi ya gia ndogo. Mimi nilipima tairi la zamani, nikapima jipya, nikagawa, nikazidisha, hesabu ikatoka safi, arobaini na moja kwa tisa, gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani.

Rahimu hakupima kitu. Alijipulizia marashi yake, akakaa kwenye kiti, akamuuliza Shabbar unabeba nini na unapita wapi, akaambiwa nabeba saruji kwenda, nazi kurudi, na napita kilima cha Mwera kwenye tope, basi akasema mbele ya watu kwamba hesabu ya kaka ni ya gari tupu kwenye barabara kavu, hili lifungwe thelathini na tisa kwa nane lipate nguvu zaidi, mbele na nyuma sawasawa, kwa sababu difu mbili zisipokubaliana gari linavutana lenyewe kwa lenyewe. Watu walicheka, mimi sikucheka. Ilifungwa ya kwake, na kwa miaka sita nimesema, na leo nasema tena, kwenye lami ya kwenda Segera lile gari linapiga kelele na linakunywa dizeli bila haya, na ya kwangu ingetosha.

Marehemu alianza kusumbuliwa na sukari mwaka 2021, baadaye ikagusa figo, akawa wa kulazwa na kutoka, hadi alipofariki dunia hospitalini Tanga jioni ya Alhamisi, tarehe 15 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Siku chache kabla yake alituita mimi na mkewe, akausia kwamba azikwe Mwera kwa mama, apelekwe kwa gari la Shabbar, na usukani asishike mtu mwingine yeyote ila kaka. Jamani, nilijivuna. Nilitoka wodini nikijiambia, hatimaye ameniheshimu.

Leo asubuhi tulipokwisha vuka mto, mnajua wenyewe mvua ilivyonyesha, magari yenu yote mmeyaacha chini ya kilima mkapanda kwa miguu, na mimi nikabaki na jeneza nyuma pamoja na wanaume wanane wa kulishika. Nikaingiza gia ya chini, nikaachia klachi taratibu, na lile gari likaanza kupanda lenyewe, halikunguruma, halikuteleza, nusu ya mafuta sikukanyaga. Fundi anajua kwa mguu wake. Nilijua pale pale kwamba ya kwangu ingezimika katikati ya kilima, na ndugu yangu angeteremshwa abebwe kwenye tope. Ndipo nikaelewa kwa nini alinichagua dereva, mimi nilidhani ni heshima, kumbe ni ubishi, alitaka nikaone mwenyewe, akiwa amelala nyuma yangu na mimi sina wa kumjibu. Hata amekufa, kanishinda! Nikacheka peke yangu ndani ya gari, kisha nikalia hadi kioo sikukiona.

Nina wivu naye, sifichi, nimekuwa nao tangu nina miaka miwili, na nikiwatazama mlivyojaa hapa unazidi, maana najua siku yangu mimi hamtajaa hivi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, maana hakuwa mgonjwa mtulivu, majirani wa Makorora waliomsitiri mjane na watoto, mafundi wenzetu wa Ngamiani waliofunga gereji zao leo, na ndugu yetu Shabbar kwa gari lake, ambalo ya lami siyafuti, lakini ya kilima nimeyaona.

Nawe Rahimu, umewahi tena, wewe na mbio zako, umefika kwa mama kabla yangu. Pumzika kwa amani, mdogo wangu, lakini habari ya difu usimwambie bado, ningoje nifike, safari hii na mimi nisikilizwe.