Milango Isiyo na Nyumba

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu poleni na jua. Mmezoea kusikia hapa kikundini ushuhuda wa mtu aliyevuka shida yake. Mie bado nimo majini, ila mnivumilie.

Kwetu ni hapa hapa Temeke. Baba yangu ni mstaafu, na anakusanya milango. Nyumba ikivunjwa popote, yeye keshafika, atarudi na mlango au fremu. Zamani tulimsifu, maana alikuwa na kiwanja Chanika, na mnajua wenyewe mtu anavyojenga kidogo kidogo. Kisha mama akapooza upande mmoja, kiwanja kikauzwa tumtibu. Milango ikaendelea kuja.

Ndugu zangu, nawaambia, ilijaa sebuleni, ikajaa koridoni, mpaka mama na fimbo yake hapiti kwenda chooni. Siku moja mlango ukamwangukia begani. Nilibembeleza, nikanuna, nikaita wazee wa mtaa. Wapi! Nikawa naogopa hata kurudi nyumbani kutoka kazini.

Kaka zangu wakaniona mlegevu. Wakaja na guta, ile baiskeli ya mizigo, wabebe yote. Baba hakugomba. Aliketi juu ya milango yake, akaniambia mie, taratibu, "Mwanangu, kiwanja najua hakipo. Hii ikiondoka, ndiyo nitakuwa nimekubali."

Nikawaomba kaka zangu guta liondoke tupu, wakanikasirikia.

Jioni ile nilikuja hapa nikawaeleza kwa kifupi. Hamkunihoji. Kesho yake mmoja wenu alikwenda kukaa na baba, akamwombea mama njia tu, ya kumtosha yeye na fimbo yake. Baba akaisogeza milango mwenyewe. Mungu awalipe, mie sina cha kuwalipa.

Sasa mnangoja niseme baba kapona. Hajapona, na sijui kama atapona. Nilichojifunza ni kidogo: ukimnyang'anya mtu kitu, anakishika zaidi. Kaa naye. Linda njia ya mama, mengine subiri.

Wiki iliyopita alimpa jirani mlango mmoja, sie tukashangilia kimoyomoyo. Juzi nikamwona anakuja kwenye kona ya mtaa, kabeba mwingine kichwani, shingo inamtetemeka. Roho iliniuma sana. Nikamfuata, nikamwambia pole baba, nikampokea.