Mama Hakugeuka

Kwenye basi la Buigiri, Paskazia aliketi nyuma ya mwalimu mstaafu asiyeona na kijana wa chuo. Walikuwa wakibishania riwaya ambayo yeye mwenyewe aliichapa mwaka jana kwa nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole.

"Filamu yake ni kali zaidi, babu," kijana alisema. "Mama anapoondoka, anageuka akilia. Hosteli nzima tulilia naye."

"Wamekudanganya, mjukuu wangu. Kitabuni hageuki. Mwandishi kasema mara mbili: mama hakugeuka, mama hakugeuka. Vidole vyangu viligoma kuendelea."

"Kitabu nimekisoma pia. Kasema mara moja tu."

"Basi chako kimeruka mstari!"

Abiria wakacheka. Paskazia akainamisha uso. Kijana alisema kweli. Mara ya pili ilikuwa kosa la Paskazia la uchapaji, la siku aliyochoka, na alilibaini vitabu vikiwa vimeshagawiwa. Mwaka mzima alilionea aibu. Sasa kifua kilimjaa fahari, akashindwa hata kuificha.

Basi likasimama. Paskazia akamshika mzee mkono washuke.

"Binti, nawe umekisoma?"

"Nimekisoma, mwalimu."

"Kasema mara ngapi?"

"Mara mbili," alijibu, akashuka bila kugeuka kumtazama kijana.