Maua Yasimame

"Kwani hicho kitambaa kimekukosea nini, mbona unakivuta kama unakinyonga?" Jirani alimuuliza hivyo siku moja, wasikilizaji wapendwa, na jina likabaki: Bi Vuta. Leo tunamkumbuka Bi Vuta, fundi wa nguo, aliyezikwa juma hili.

Bi Vuta hakutia mkasi kabla ya kuvuta. Alikivuta kitambaa kwa urefu. Akakivuta kwa upana. Kisha alikiachia, aone kama kinarudi. Kinachovutika kisirudi, alisema, ni kama mgeni asiyekumbuka kwao: kesho magoti ya suruali yametuna. Wateja walicheka, wakaendelea kununua kwa macho. Alichoka. Binti yake anasema mama aliishia kuzungumza na cherehani, maana hiyo angalau haikumkatiza.

Lililomuuma zaidi lilitoka nyumbani. Mdogo wake wa tumbo moja alileta kitambaa cha maua, cha gauni la harusi la mwanawe. Gauni la kubana, lisilo na zipu. Dukani alikuwa amekivuta, kikavutika, akalipa. Bi Vuta akakishika, akakivuta mbele yake. Kwa urefu kilivutika. Kwa upana, kigumu kama ubao. Na nyonga, wasikilizaji wapendwa, zinataka upana.

"Nikikigeuza, maua yatalala," alimwambia. "Ama nitie zipu. Chagua."

"Maua yasimame, dada. Na zipu sitaki. Wewe shona tu."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Bi Vuta akashona, shingo upande. Asubuhi ya harusi gauni likakwama nyongani, halipandi wala halishuki. Bibi harusi akalia, akavaa gauni lake la kazini. Mbele ya wageni mdogo mtu akasema, "Dada yangu hajui kushona." Neno hilo Bi Vuta alikwenda nalo kaburini. Hakuwahi kuombwa radhi.

Tunampa pole binti yake na jamaa wote. Mungu amlaze pema. Nasi tujiulize: ni mara ngapi tumemwita mjuzi, kisha tukamziba mdomo?

Baada ya mazishi, anasimulia binti, mama mdogo aliingia chumba cha kushonea. Kwenye kapu akakuta kipande cha yale maua. Akakivuta kwa urefu, kikaja. Akakigeuza, akakivuta kwa upana. Kikagoma. Akavuta tena, kikagoma tena.

"Mama mdogo," binti akamwambia, "hivyo ndivyo alivyokuonyesha."

Mama mdogo akakilaza kile kipande juu ya cherehani, akakinyoosha kwa kiganja, akatoka.