Wasifu wa Prudencia Kokushubira Ishengoma, Aliyechora Barabara ya Bulolwa

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa Bulolwa mliopanda feri tangu asubuhi kuja kumzika, na ninyi wa ofisini mliokaa kule nyuma: mimi ni Jovinary Ishengoma, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake. Marehemu mwenyewe aliniomba nisiyarembe, nami nilimkubalia.

Prudencia alizaliwa tarehe 14 Februari 1949 kijijini Kamachumu, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Ishengoma na Mama Bernadetta. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba yetu aligombana na jirani kuhusu mpaka wa shamba la kahawa, wazee wakaitwa. Wakati wakubwa wanabishana, Prudencia alichukua kamba ya mgomba, akaifunga mafundo kwa urefu ulio sawa, akapima kuanzia kwenye jiwe la zamani lililojulikana na wote. Alipomaliza aliwaambia wazee kwamba aliyeingia kwa mwenzake ni baba, tena hatua nne nzima. Baba hakuongea naye kwa siku mbili. Siku ya tatu aliing'oa mimea ya mpaka kwa mikono yake, akairudisha nyuma, kisha akamwita binti yake na kumuuliza kama sasa imekaa sawa. Prudencia alipima tena kabla ya kumjibu.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini, akaendelea na shule ya wasichana ya misheni hadi kidato cha nne mwaka 1967. Mwaka 1968 alikwenda Dar es Salaam kusomea uchoraji wa ramani za ujenzi. Darasani kwao walikuwa ishirini na wawili, wasichana wawili tu, na mwenzake alirudi nyumbani kabla ya mwaka wa kwanza kwisha. Yeye alimaliza mwaka 1970, na Januari 1971 akapangiwa kazi Mwanza, katika ofisi ya ujenzi wa barabara, alikokaa miaka ishirini na mitano.

Hapo ndipo alipokutana na shemeji yetu, Nkwabi Malimi, dereva wa greda, mwenyeji wa hapa Sengerema. Nkwabi alikuja ofisini na matope hadi magotini kumwambia mchoraji kwamba mstari wake ulionyooka vizuri kwenye karatasi ulikuwa umeingia katikati ya tope la mpunga. Prudencia alimjibu kwamba ramani haikosei. Nkwabi akamwomba aende akaone mwenyewe, na kwa kuwa gari la ofisi halikuwepo, alimpeleka kwa greda, mwendo wa saa mbili, watu wakitoka nje kuwaangalia. Mstari ulikuwa kwenye tope kweli. Tangu siku hiyo Prudencia hakuchora barabara asiyoitembea kwa miguu. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 1974, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza Hellen.

Mwaka 1993 yadi ya mitambo ya serikali ilifungwa, magreda yakauzwa, Nkwabi na wenzake wakarudishwa nyumbani. Kazi za barabara zikaanza kupewa makampuni. Mwaka uliofuata ofisi ililetewa mradi wa kupanua barabara inayopita Bulolwa, upande wa viwanda wa Nyakato, ili malori ya minofu ya sangara yapite kwa haraka. Prudencia alikabidhiwa kuichora upya.

Alikwenda Bulolwa kwa miguu kama kawaida yake. Kwenye ramani aliyopewa, upande wa kusini wa barabara uliandikwa kuwa ni eneo tupu. Alikuta nyumba mia moja na kumi na nne. Waliokaa humo walikuwa wafanyakazi wa viwandani, wengine wameshapunguzwa. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi kando ya barabara, Kashindye Shimba, alimuuliza anatafuta nini. Prudencia alimweleza. Kashindye alimkaribisha kwenye kigoda, na kwa wiki mbili walikaa hapo pamoja asubuhi na jioni wakihesabu wanaovuka: wanawake wanaofuata bomba la maji, wanafunzi, watu wa zamu, wagonjwa wanaokwenda zahanati. Asubuhi moja tu walifika elfu mbili na mia moja. Maji, shule na zahanati vyote vilikuwa ng'ambo.

Aliandika taarifa ya kurasa tisa. Alipendekeza barabara isogezwe mita arobaini kaskazini, ambako ingechukua uzio na sehemu ya maegesho ya ghala la wasafirishaji wa minofu, na nyumba zote zingebaki. Na kama hilo haliwezekani, basi yawekwe matuta na vivuko vya waenda kwa miguu mahali patatu, ambapo alipaonyesha kwa alama.

Kikao kilifanyika tarehe 22 Septemba 1994. Yaliyosemwa nayajua kwa sababu alinisimulia jioni ileile, na hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Mhandisi wa mradi alisema ghala lina hati na nyumba zile hazina, kwa hiyo kuvunja nyumba ni rahisi. Kuhusu matuta alisema yangepunguza mwendo, na mwendo ndio uliowaleta wafadhili.

Prudencia alisema, "Mheshimiwa, hawa watu watavuka tu. Maji yako upande wa pili."

Mhandisi akamjibu, "Mama Hellen, kazi yako ni kuchora. Kuamua si kwako."

Wengine waliokuwepo walitazama karatasi zao. Baadhi yenu mko hapa leo, na hamkumtetea.

Ndugu zangu, hapa ndipo mahali aliponiambia nisiparembe. Prudencia aliichora. Angeweza kukataa. Alikuwa na mume asiye na kazi na mtoto chuoni, na alijiambia kwamba akikataa atachora mwingine. Karatasi ya mwisho ya barabara ile ina herufi za jina lake kwenye pembe ya chini. Kisha alikwenda Bulolwa mwenyewe kumwambia Kashindye kabla ya wabomoaji kufika na rangi nyekundu na kupiga X milangoni.

Kashindye alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza, "Kwa hiyo mkono ni wako?"

Prudencia alisema ndiyo. Kashindye akainua kigoda alichokuwa amemkaribishia, akakiingiza ndani.

Nyumba themanini na sita zilivunjwa. Waliobomolewa walijibana nyuma ya zile zilizobaki, bado upande wa kusini, na barabara ilifunguliwa Desemba 1995 kwa ngoma na hotuba. Jumanne, tarehe 12 Machi 1996, Gladness, binti wa Kashindye, mwanafunzi wa darasa la nne, aligongwa na lori akivuka kwenda shule. Alikufa palepale. Ilikuwa ni moja ya zile sehemu tatu zilizotiwa alama.

Dada yangu alikwenda msibani peke yake. Alikaa mkekani na wanawake siku tatu, hakuna aliyemsemesha. Siku ya tatu Kashindye alimsogelea akamwambia, "Hesabu yetu ilikuwa ya kweli. Usiniombe msamaha, fanya kitu."

Tarehe 30 Juni mwaka huohuo Prudencia alipunguzwa kazini pamoja na wenzake kumi na tisa. Aliaga ofisini kwa soda moja. Wiki iliyofuata yeye, Kashindye na wanawake wengine sita walianza kusimama barabarani kila asubuhi na vitambaa vyekundu, wakisimamisha malori ili watoto wavuke. Walifanya hivyo kwa miezi saba, mvua na jua, na katika miezi hiyo hakugongwa mtoto hata mmoja mahali pale. Madereva waliwatukana. Wengine walizoea, wakawa wanapunguza mwendo kabla hata ya kuwafikia, na mmoja alikuwa akimwamkia Prudencia shikamoo kila anapopita.

Februari 1997 wanawake hao walikamatwa kwa kosa la kuzuia magari bila kibali. Walishikiliwa mchana kutwa, wakaachiwa kwa onyo. Agosti barabara ya Bulolwa ilipata tuta lake la kwanza na la pekee. Liliwekwa mbele ya geti la ghala, ili malori yaweze kukata kona na kuingia kwa usalama. Prudencia alikwenda kulitazama. Alilipima kwa hatua, akasema limejengwa vizuri. Aliyekuwa naye ni mimi, na ndiyo mara pekee nilipomwona akilia barabarani.

Afya yake ilianza kudhoofika mwishoni mwa 1997. Oktoba 1998 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, ikiwa imeshasambaa. Alitibiwa kwa kadiri ilivyowezekana, kisha shemeji akamleta hapa nyumbani kwake Sengerema. Kashindye alivuka ziwa akaja kumuuguza, akakaa miezi minne. Walizungumza kidogo sana. Alimlisha uji, akamgeuza kitandani, akamsuka nywele hadi zilipokwisha. Prudencia alifariki Jumanne, tarehe 3 Agosti 1999, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Jana ofisi ilileta barua ya rambirambi ikiomba isomwe hapa. Inasema marehemu atakumbukwa kwa mchango wake katika barabara ya kisasa ya Bulolwa. Familia imekaa na kuamua haitasomwa. Kama mnataka kumkumbuka, taarifa yake ya kurasa tisa iko kwenye kabati lenu, na sehemu tatu bado zipo vilevile. Tangu ifunguliwe, barabara hiyo imeua watu kumi na saba, na alikuwa na majina yao wote.

Prudencia ameacha mume, Nkwabi Malimi, watoto watatu, Hellen, Jonathan na Odeta, wajukuu wawili, mama yetu Bernadetta, ambaye hakuweza kusafiri, na sisi ndugu zake watano. Ameacha pia Kashindye Shimba. Tulipokuwa tunaandika orodha hii tulimuuliza tumweke kama nani kwa marehemu. Alisema tuandike tu kwamba ndiye aliyemwosha.

Mungu ampe dada yetu pumziko ambalo hapa hakulipata.