Clementi Wanzagi, Aliyegawa Vifaa

Ndugu waombolezaji, ukoo umenituma kuwasomea maisha ya ndugu yetu Clementi, aliyezaliwa Butiama tarehe 4 Machi 1938, mtoto wa tatu wa Mzee Wanzagi na Mama Mbuke, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha shule ya kati Musoma, akamaliza mwaka 1955.

Baada ya Uhuru aliajiriwa na ofisi moja Dar es Salaam, tarehe 12 Juni 1965 akafunga ndoa Musoma na Miriamu Kwangu, wakajaliwa Boniphace, Wankyo na Susana. Mwaka 1968 alihamishiwa chumba cha kompyuta, akafundishwa kutunza programu kuu, ile inayozigawia programu nyingine vifaa vya mashine, cha kusoma kadi, cha kanda na cha kuchapa, na programu ikimaliza au ikifa njiani, hiyo kuu huvirudisha vyote, ikianzia kilichotolewa mwisho. Alitueleza kwamba ugonjwa mbaya wa mashine ile ni programu mbili kushika kila moja kifaa chake huku ikingoja cha mwenzake, hapo programu kuu haibembelezi, huipokonya moja kifaa chake, kazi ikaendelea.

Mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, alirudi kwetu hapa karibu na Bunda, akakabidhiwa injini moja na mkanda mmoja, vilivyotumiwa kwa zamu na pampu ya maji na mashine ya kusaga, akavigawa kwa sheria ileile, watu wakimwita Bwana Rejesha, wakidai kwake hata ugali hurejeshwa sufuriani, naye akicheka.

Kiangazi cha 1976 watu wa kusaga, chini ya Bernado, kaka yake Miriamu, walishika injini, watu wa maji wakashika mkanda, kila upande ukitaka mwingine uachie kwanza, na Clementi, aliyeijua dawa kuliko sisi sote, alikwenda kwa Bernado, akaketi, akanywa uji, akarudi mikono mitupu, kwa kuwa kwetu mtu hampokonyi shemeji yake. Watoto walikunywa maji ya lambo la ng'ombe, wakaharisha, na tarehe 19 Septemba Susana akafariki, akiwa na miaka minne. Tangu hapo Clementi alisema neno moja tu, kwamba programu kuu haina shemeji, na Bernado hakukanyaga tena ua ule.

Aliugua ini tangu Februari 1980, akalazwa Musoma, akaomba kurudishwa nyumbani, akaanza kukabidhi vya watu, akianzia alichopewa mwisho, spana, baiskeli ya kijiji, jembe la ng'ombe, mpaka kigoda alichoazima mwaka wa kuhamia, na tarehe 7 Novemba akafariki, akiacha mjane na watoto wawili.

Tunawashukuru waganga na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wenzake wa kazini waliotuma salamu. Tena maji mliyonawa leo yamevutwa na injini ileile, Bernado aliifungua alfajiri kwenye mashine ya kusaga, akaipeleka mwenyewe kwenye pampu, pasipo kuombwa na mtu.

Clementi, vya watu umevirejesha vyote, ni Susana tu ambaye sisi hatukuweza kukurejeshea, basi mfuate, upumzike kwa amani.